Twendeni Tukakae Bustanini: Hotuba Yangu ya Tanga

Wengi mmenipigia na wengine mmeandika kwamba hamkuweza kufika ukumbini, huyu msiba, yule kazi, basi naiweka hapa yote kama nilivyoisema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, maneno yapo yote.

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, na nyie wanangu mliojazana huko nyuma kwenye feni nawaona, hamjambo?

Niliombwa nisimulie safari zangu za Nairobi, na najua wengine mmekuja mkitarajia niseme habari za maduka na magorofa, sasa hayo mtanisamehe. Leo nazungumza habari za bustani. Bustani za mji. Zile sehemu zenye nyasi na miti na mabenchi ambazo mtu yeyote anaingia, awe na hela asiwe na hela, awe amevaa suti au kandambili.

Hebu niulize kwanza. Nani humu ndani wiki hii amekaa bustanini? Sisemi amepita na baiskeli, hapana, amekaa. Na sisemi ameenda kupiga picha za harusi au za mahafali, amekaa tu, hana anachosubiri. Nyoosheni mikono. Mmoja. Wawili. Yule mzee pale, watatu. Jamani! Na sisi ndio wenye Jamhuri, bustani iko juu ya bahari, ukikaa unaiona bandari yote na Kisiwa cha Toten kile pale mbele yako, upepo wa bure, mnara wa saa wa Wajerumani uko jirani. Watu wanatoka Ulaya na mabegi mgongoni wanakuja kukaa pale. Sisi tumekaa wapi? Ndani, na simu.

Sasa nataka niwapeleke Nairobi kidogo alafu niwarudishe hapa hapa Tanga.

Kwanza njia yenyewe, maana najua mtaniuliza. Unapanda basi hapa unaelekea Horohoro, mnagonga mihuri pale, unaingia Lungalunga, unafika Mombasa. Toka Mombasa unaweza kuendelea na basi au ukapanda treni ya SGR, hiyo inafanya kazi tangu 2017, na mimi nawashauri treni kwa sababu inakata katikati ya Tsavo na ukiwa na bahati unaona tembo dirishani. Beba pasipoti yako au hati ya dharura, usije ukasema mwalimu hakuniambia.

Nairobi mtoto wa dada yangu kaolewa kule, kwa hiyo nimekwenda mara nyingi, na kila nikienda lazima nifike Uhuru Park. Iko katikati ya mji, inapakana na Uhuru Highway na Kenyatta Avenue, ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta tarehe 23 Mei 1969, na ukubwa wake ni karibu hekta 13. Hekta 13 katikati ya mji mkuu, mahali ambapo kiwanja cha kujenga duka tu watu wanauana! Kuna kilima, kuna bwawa la kuchimbwa lenye vimashua vya kupiga kasia, na ukipanda juu ukageuka unaona magorofa yote ya mji yamejipanga mbele yako, na ule mnara wa duara wa KICC, jengo lao la mikutano. Haya ninayosimulia ya watu wa mchana niliyaona kabla haijafungwa kwa ukarabati mwaka 2021.

Basi saa saba mchana ikifika, ofisi zinamwaga watu. Hapo ndipo ukae uangalie. Nilimuona kijana mmoja, shati jeupe na tai, akaja taratibu mpaka kwenye kivuli, akavua viatu, soksi akazikunja vizuri akazitia ndani ya viatu, akatandaza gazeti, akaweka kichwa juu ya mkoba wake, akabonyeza simu akaiweka kifuani, hata dakika mbili hazikufika kashachukuliwa na usingizi. Pembeni yake mhubiri anahubiri kwa sauti yote aliyopewa na Mungu, hana kipaza sauti, na waliomzunguka labda watu kumi. Mpiga picha anapita na kamera shingoni na picha za watu wengine mkononi za kukuonyesha. Mama mmoja kakaa na watoto wake wanakula mayai ya kuchemsha na kachumbari. Simu ya yule kijana ikalia, akainuka, akapangusa nyasi mgongoni, akavaa soksi, akafunga tai, akarudi kazini.

Hakuna aliyemuuliza kitu. Mnanielewa? Hakuna aliyemuuliza umekuja kufanya nini hapa, unanunua nini, unamsubiri nani. Hebu fikirieni, sehemu gani nyingine ya mji iko hivyo? Hotelini lazima uagize soda. Stendi lazima uwe na safari. Sokoni usiponunua unaambiwa pisha njia. Kwenye ofisi za watu mlinzi anakukagua toka kandambili mpaka kilemba. Msikitini na kanisani ni nyumba za Mungu na zina adabu zake. Bustani peke yake ndiyo inakupokea hivyo ulivyo, na mimi naliona hilo ni jambo kubwa sana, kubwa kuliko watu wanavyolichukulia, kwa sababu mtu asiye na hela naye anahitaji mahali pa kukaa akaonekana ni mtu.

Na kuna nyingine ndogo, Jeevanjee, ipo katikati kabisa ya mji, haizidi ekari tano hivi. Huyo A.M. Jeevanjee alikuwa mfanyabiashara Mhindi mzaliwa wa Karachi, mwaka 1906 akawapa watu wa Nairobi bustani ile. Ukienda pale utakuta wanaume, na wanawake pia siku hizi, wamesimama duara wanajadili siasa. Wanaiita Bunge la Mwananchi. Anasema mmoja, wengine wanasikiliza, alafu mwingine anadaka. Nilisimama nikasikiliza habari za bei ya unga mpaka nikasahau kwamba nimetumwa nyanya. Wazee wangu wa kahawa mnacheka, si ndio baraza lenu hilo? Ni hilo hilo, tofauti ni kwamba nyie mko kibarazani kwa mtu, siku mwenye nyumba akiuza baraza limekufa. Wao wako kwenye ardhi ya mji.

Sasa nakuja kwenye jambo la pili, na hili naomba tulie, hasa nyie mama zangu na wanangu wa kike.

Bustani hii ya Uhuru Park ninayoisifia ilikuwa iondoke. Mwaka 1989 ulitoka mpango wa kujenga pale ndani jengo la ghorofa 60, lingekuwa refu kuliko yote Afrika. Ghorofa sitini! Makao makuu ya gazeti la chama tawala, ofisi, ukumbi, maduka, maegesho ya magari 2,000, na sanamu kubwa ya rais. Mshirika wao alikuwa tajiri wa magazeti kutoka Uingereza, Robert Maxwell. Hela zimeahidiwa, chama kinataka, rais anataka. Nani atasema hapana?

Akasema mwanamke mmoja. Wangari Maathai. Mmesikia jina lake, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 ya kupanda miti na akina mama wa vijijini. Hakuwa na jeshi, hakuwa na chama, hakuwa na gazeti. Alikuwa na nini? Kalamu.

Akaandika barua. Akawaandikia wenye gazeti. Akaandika barua kwa ofisi ya rais. Akaandika barua kwa watawala wa jiji. Akaandika kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa. Akamuandikia balozi wa Uingereza, akamuuliza, hivi nyie mngekubali jengo kama hili lijengwe Hyde Park kwenu London? Swali fupi. Lijibu kama unaweza!

Na majibu aliyopata wallahi yanauma. Bunge likaacha shughuli zake likamjadili yeye, mbunge mmoja akasema lile shirika lake ni kundi la wanawake walioachika, maana alikuwa ameachana na mumewe na kila mtu alijua. Yani mtu anazungumza habari za bustani, anajibiwa habari za ndoa yake. Mama zangu, hii mnaijua au hamuijui? Mnaijua. Mwanamke akisema hoja ikawashinda, wanaangalia nyumbani kwake kuna nini. Desemba 12 mwaka huo huo, kwenye sherehe za Jamhuri, na sherehe zenyewe zilifanyika hapo hapo Uhuru Park, Rais Moi akasema mwanamke wa Kiafrika inampasa awaheshimu wanaume na anyamaze.

Anyamaze! Alinyamaza? Hakunyamaza. Alikwenda mahakamani kesi ikatupwa. Shirika lake likafukuzwa kwenye ofisi, likapewa saa 24 tu, akawahamishia wafanyakazi nyumbani kwake, nyumba ya kawaida ya familia, wakajazana sebuleni na vyumbani na kazi ikaendelea. Na barua zikaendelea. Wananchi nao wakaanza kuandika kwenye magazeti, watu wa kawaida, waliokuwa wanalala pale mchana na gazeti chini ya kichwa. Wafadhili wa nje wakaanza kuulizwa kwao, kweli nyie mnatoa hela za kuangamiza bustani ya watu? Wakajitoa. Mradi ukapunguzwa, ukapunguzwa tena, mwisho ukafa. Uzio uliokuwa umewekwa ukaondolewa mwanzoni mwa 1992, na bustani ikabaki bustani.

Mimi nikisoma habari hii jambo moja linanishika. Yule mama alikuwa shujaa, hilo halina mjadala, mwaka 2004 akapewa Nobeli ya Amani, mwanamke wa kwanza Mwafrika. Lakini hivi ingekuwa Uhuru Park ni sehemu isiyokaliwa na mtu, pori la wavuta bangi, nani angeandika gazetini kuitetea? Mtu anatetea pale alipowahi kukaa. Kama hujawahi kukaa, siku wanakuja na mabati unasema ah, labda wanajenga kitu kizuri.

Jeevanjee nayo mwaka 1991 ilitaka kugeuzwa jengo la maegesho ya magari. Akasimama mjukuu wa yule mzee aliyeitoa, Zarina Patel, akashika bango, watu wakamfuata, na bustani ikapona. Mwanamke tena! Sisemi kitu, nasimulia tu yaliyotokea.

Jambo la tatu ni hili, bustani inabeba mambo ya watu. Uhuru Park kuna kona inaitwa Freedom Corner. Mwisho wa Februari 1992 akina mama wenye watoto waliofungwa kwa sababu za kisiasa, wengine vikongwe kabisa, walikwenda kukaa pale. Walikwenda kukaa. Wakagoma kula, wakasema hatuondoki mpaka watoto wetu watoke. Maathai akawa nao. Tarehe 3 Machi polisi wakaja na marungu na mabomu ya machozi, Maathai akapigwa mpaka akazirai, na wale mama wengine wakavua nguo zao mbele ya askari. Mnajua maana yake mama wa umri ule akivua nguo mbele ya kijana aliye sawa na mwanawe? Hiyo ni laana, na wale askari walijua. Wakafukuzwa pale, wakahamia kanisa la All Saints lililo karibu, wakakaa huko kama mwaka mzima. Na watoto wao karibu wote wakaachiwa 1993.

Nilifika kwenye kona ile na yule mtoto wa dada yangu na watoto wake. Nikawasimulia. Mdogo akauliza, bibi, walikaa hapa hapa? Nikamwambia hapa hapa kwenye nyasi hizi. Akaangalia chini, akatoa mguu wake kwenye nyasi akausogeza kwenye njia ya saruji. Sikumfundisha. Mtoto wa miaka sita kaelewa kwamba pale pana jambo.

Na mambo ni mengi. Tarehe 27 Agosti 2010 katiba mpya ya Kenya ilizinduliwa pale pale Uhuru Park, umma umefurika. Na Maathai alipofariki Septemba 2011 akapewa mazishi ya kitaifa, na ibada yake ikafanywa wapi? Uhuru Park! Pale alipoambiwa anyamaze. Jeneza lake halikuwa la mbao maana aliusia usikatwe mti kwa ajili yake, wakalitengeneza kwa mianzi, mafunjo na magugumaji. Mimi habari hii kila nikiisimulia sauti inanitoka vibaya, mnisamehe.

(Hapa nilinyamaza kidogo, mama mmoja wa mbele akaniletea maji.)

Kuna nyingine City Park, upande wa Parklands, kubwa kuliko hiyo, ina miti ya msitu na kima wanakuja mpaka mkononi, msiwape chakula tafadhali. Mle ndani amezikwa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, miezi michache tu akajiuzulu. Alitaka kaburi lake liwe karibu na la rafiki yake Pio Gama Pinto, mwanasiasa mpigania haki aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Nilipita nikawasomea Fatiha na mtoto wa dada yangu akasali ya kwao. Marafiki wawili, mmoja mtoto wa Mgoa, yaani watu wa Goa kule India, na mmoja mtoto wa Mmaasai na Mgoa, wamelala chini ya miti, na watu wanapita na watoto wanakimbia. Nairobi City Park nayo imemegwa miaka na miaka mpaka ikaja kulindwa kisheria 2009. Siongezi hapo.

Haya. Turudi nyumbani.

Nani kaenda Unguja hivi karibuni? Forodhani mmefika? Ile ilitengenezwa miaka ya 1935 na 1936 ikaitwa Jubilee Gardens kwa heshima ya mtawala wa zama zile, leo nani anamkumbuka mtawala? Ile ni ya watu. Ilichakaa ikawa vumbi na taka, alafu 2009 ikafunguliwa upya baada ya matengenezo makubwa ya Aga Khan Trust for Culture, wakaweka taa, njia, nyasi, ukuta wa bahari. Jioni nenda ukaone, vijana wanajirusha baharini kwa sarakasi, mabibi wamekaa na buibui zao wanapunga upepo, watoto wana miwa, urojo, mishikaki, watalii wamo humo humo. Hakuna mtu anaogopa Forodhani usiku. Kwa nini? Kwa sababu imejaa watu!

Dar nako kuna ile bustani ya mimea ya mjini, ilianzishwa 1893 na Stuhlmann, Mjerumani, wajaribu mimea ya biashara. Leo imebanwa na majengo, mtu anaipita na gari hajui kama ipo. Ina zaidi ya miaka mia na watu wa Dar wengi hawajaingia hata siku moja. Sasa ikija kuzungushiwa mabati, nani atalia?

Na sisi Tanga. Tuna Jamhuri, na sisi pia tuna Uhuru Park yetu. Nawauliza tena, na safari hii najua jibu. Nani amekaa?

Nimewasikia mnavyosema. Kina mama mnasema kule kuna wahuni, mwanamke akikaa peke yake atasemwa. Kweli. Sibishi, nimewahi kukaa na kitabu changu nikaulizwa kama nimefukuzwa nyumbani. Vijana mnasema hakuna chaji wala intaneti. Wazee mnasema mabenchi yamevunjika na mgongo hauruhusu. Wafanyabiashara mnasema kukaa bure ni uvivu. Na kila mmoja anasema manispaa, manispaa, manispaa. Sasa ni jiji bwana, mnasahau.

Jiji lina wajibu wake na mimi siwatetei. Taa ni wajibu. Choo ni wajibu, na niseme wazi choo ndicho kinachowazuia wanawake kuliko hata wahuni, mama mwenye mtoto mdogo hawezi kukaa saa mbili mahali pasipo na choo, hilo tupeleke kwa diwani kwa maandishi, tusibaki kunung'unika. Pipa la taka ni wajibu. Kwa barua, si mmesikia barua zilivyofanya kazi?

Ila wahuni hawaondolewi na taa peke yake. Wanaondolewa na bibi aliyekaa na ukili wake anasuka mkeka. Wanaondolewa na watoto wa madrasa wanaorudi saa kumi na moja. Wanaondolewa na wazee wa bao. Ukiweka bao la kete chini ya mti na wazee sita wanaobishana, mhuni anakaa pale afanye nini?

Kuna ndugu mmoja aliniambia kabla sijapanda hapa, mwalimu dawa ni kuweka kiingilio, hata shilingi mia tano tu, patakuwa safi. Nimelifikiria kwa heshima maana si wazo la kipuuzi, Nairobi wana msitu wa Karura, zaidi ya hekta 1,000, unalipa kuingia na umetunzwa vizuri sana, na Karura nako Maathai alipigwa Januari 1999 akipanda miti kuuzuia usigawiwe matajiri, akaenda polisi akaweka alama kwenye maelezo yake kwa damu iliyokuwa inamtoka kichwani. Msitu mkubwa una walinzi na uzio wa umeme, unahitaji hela. Lakini bustani ya katikati ya mji? Hapana. Mimi nakataa. Kijana wa Ngamiani asiye na ajira, mama anayesubiri mgonjwa wake hospitali ya Bombo, mwanafunzi aliyetoka Chumbageni kwa miguu, ukimwekea mlango wa mia tano umemfukuza. Na yule yule uliyemfukuza ndiye angekuja kuitetea siku ikitakiwa kuuzwa. Wenye hela hawataitetea, wana bustani zao nyumbani.

Kwa wanaokwenda Nairobi niongeze machache ya kufaa. Nenda asubuhi au saa za mchana, giza likiingia ondoka. Mkoba uweke mbele. Mpiga picha patana naye bei kabla hajabonyeza, baada ya hapo huna lako. Chukua kanga ya kukalia, nyasi za kule zina umande mpaka saa nne na baridi ya Nairobi mtu wa Tanga inamkomesha, beba sweta. Na usiende haraka haraka ukapiga selfi ukaondoka, kaa. Kaa mpaka ushuhudie watu wanaingia na kutoka.

Sasa nimalizie na kazi, maana sikuja kusimulia tu.

Kuanzia Jumapili ijayo, baada ya swala ya alasiri, na ndugu zetu wa kanisani watakuwa wameshatoka, tunakutana Bustani ya Jamhuri, upande unaotazama Toten. Sio mkutano. Hakuna risala, hakuna mgeni rasmi, hakuna meza kuu. Kila mtu aje na mkeka wake au jamvi. Wenye watoto njooni na watoto, na wakiuliza kisiwani kule kuna nini waambieni kuna magofu ya misikiti na makaburi ya watu wa zamani, msiwaambie mashetani. Wazee wa bao wamekubali, nimeshawapata wanne, nataka wawili zaidi, mnyoosheeni mkono yule kijana wa daftari pale mlangoni. Kahawa ipo, kuna mtu amejitolea birika, kashata mchangie wenyewe. Mihogo na chachandu itauzwa na mama yetu yule mnayemjua, na ameahidi hataweka sahani za plastiki. Nahitaji mifuko ya kuokotea taka na vijana watano wa kuja nusu saa mapema. Fundi seremala kama yupo humu aje tuangalie yale mabenchi, mbao tutatafuta.

Barua ya choo na taa nimeiandika, iko mezani hapa. Kabla hujatoka isome, kama unakubaliana nayo tia saini na jina lako kamili na mtaa wako. Kalamu ziko tatu, msiondoke nazo.

Ahsanteni sana. Mwenye swali?